Shajara ya jedwali la vigawo: 1 hadi 1,000

6 Januari: Lengo na vifaa

Tunataka jedwali moja la ukutani ambalo mtu akilitazama anajua mambo mawili kuhusu namba yoyote kuanzia 1 hadi 1,000: kama ni namba tasa, na kama si tasa, imeundwa na vigawo gani. Orodha za namba tasa zipo tele. Ukitafuta 391 kwenye orodha kama hiyo hutaiona, basi, umeishia hapo. Orodha haikuambii nini kinaigawanya. Mwanafunzi aliyepewa sehemu yenye 391 chini ya mstari airahisishe anahitaji jibu hilo la pili, na nimeona wengi wakikata tamaa hapohapo, wakidhani hesabu ni ngumu kumbe wamenyimwa kifaa.

Vifaa ni karatasi za miraba, rula, penseli, kifutio, kalamu za rangi na kikokotoo cha kuhakikishia. Gharama nitaihesabu kwa mikato, yaani kila mara penseli inapoigusa namba ili kuikata. Karatasi ni zilezile kwa kila atakayeiga kazi hii. Mikato ndiyo inayokula muda, na kila mkato wa ziada ni nafasi nyingine ya kuteleza.

Kigawo cha namba ni ile inayoigawanya bila kubakiza kitu, na kigawe ni kile kinachopatikana ukiizidisha namba hiyo. 3 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 3. Humu ndani nitashikilia matumizi hayo mwanzo hadi mwisho.

8 Januari: Makundi matatu, si mawili

Tulianza na vikapu viwili, tasa na zisizo tasa. Vikashindwa kwenye namba ya kwanza kabisa. 1 inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe, kwa hiyo ukitumia maelezo yaliyozoeleka ("hugawanyika kwa moja na kwa namba yenyewe") inaingia kikapu cha tasa. Ukiitoa huko, inaangukia kwenye kikapu cha zisizo tasa, ambako kila mwenziwe anaweza kuvunjwa kuwa zao la namba ndogo zaidi, na 1 haivunjiki.

Dawa ilikuwa kuacha maneno na kuhesabu vigawo. Yenye kigawo kimoja ni 1 peke yake. Zenye vigawo viwili kamili ni tasa: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Zenye vigawo vitatu au zaidi ni zisizo tasa: 4, 6, 8, 9, 10. Kwa kipimo hiki hakuna tena ubishi, na 2 inakaa kwenye tasa bila wasiwasi ingawa ni shufwa.

Atakayeona tunaionea 1 ajue kwamba hata mabingwa hawakukubaliana zamani. Goldbach, katika barua yake kwa Euler mwaka 1742, aliihesabu 1 kuwa tasa, na orodha kubwa ya namba tasa iliyochapishwa na D. N. Lehmer mwaka 1914 inaanza na 1. Sababu ya kuitoa ni ya kazi. Tunataka kila namba iwe na njia moja tu ya kuandikwa kama zao la namba tasa, tukiacha mpangilio. 12 ni 2×2×3, na hakuna namna nyingine. 1 ikiwa tasa, basi 1×2×2×3 ni jibu, 1×1×2×2×3 nalo ni jibu, na huwezi kumwambia mwanafunzi lini amemaliza.

12 Januari: Chekeche la kwanza, safu 10

Tuliandika 1 hadi 1,000 katika mistari 100 yenye namba kumikumi, kisha tukaendesha chekeche la Eratosthenes, yule mtaalamu wa karne ya 3 KK aliyeongoza maktaba ya Alexandria, Misri. Namna yake inajulikana: weka duara kwenye 2, kata vigawe vyake vyote; nenda kwenye namba inayofuata ambayo haijakatwa, iwekee duara, kata vigawe vyake; endelea hivyo.

Swali lililotusumbua ni pa kukomea. Kadiri namba tasa zinavyokua, kazi mpya inapungua mno. 2 inaua namba 499, 3 inaua 166 mpya, 5 inaua 66, 7 inaua 37. Ukifika 23 unapata sita tu: 529, 667, 713, 851, 943 na 989. Kwa 29 unapata mbili, 841 na 899. Hapo mtu yeyote angesema chekeche limekauka. Tukajaribu kukomea 29, tukahesabu zilizobaki, zikawa 169.

Zilizopaswa kubaki ni 168. Kulikuwa na mgeni mmoja, naye alikuwa 961, yaani 31×31. Ndiyo namba pekee ambayo 31 inaiua kabla ya 1,000, na isipokatwa na 31 haitakatwa na yeyote. Kanuni sahihi basi haihusu kukauka kwa chekeche. Inahusu kipeuo cha pili. Kipeuo cha pili cha 1,000 ni 31 na ushei, kwa hiyo 31 ni lazima, na 37 haihitajiki kwa sababu 37×37 ni 1,369. Namba isiyo tasa iliyo chini ya 1,000 haiwezi kuwa zao la vigawo viwili ambavyo vyote vinazidi 31. Kimoja lazima kiwe kidogo, na hicho kidogo kimeshafanyiwa kazi.

Gharama: mikato 1,549 kwa kuanza kila mara na mara mbili ya namba tasa (14, 21, 28 kwa upande wa 7). Namba zilizokufa ni 831 tu. Karibu nusu ya mikato ilipiga maiti.

13 Januari: Kuanzia kwenye mraba

Marekebisho madogo yenye faida. Vigawe vya 7 kabla ya 49 ni 14, 21, 28, 35 na 42, na vyote vimeshakatwa na 2, 3 au 5. Kwa hiyo 7 inaanzia 49, 11 inaanzia 121, 31 inaanzia 961 na kuishia karibu palepale, maana baada yake ipo 992 tu.

Gharama mpya ni mikato 1,411. Nilitarajia nafuu kubwa zaidi. Uzito wote uko kwenye 2, 3 na 5, ambazo zinakata mara 1,026, na kuanzia kwenye mraba kunazipunguzia mikato minne tu.

15 Januari: Rangi zimeshindwa

Ili tujue nani aliyeikata kila namba, tulimpa kila mkataji rangi yake: 2 nyekundu, 3 bluu, 5 kijani, na kadhalika. Kwa zile nne za kwanza ilipendeza. Ikafika 11, na wakataji ni kumi na mmoja hadi 31; zambarau na bluu iliyokolea hazitofautiani kwa mtu aliyesimama mbali, na wapo wasioona tofauti ya nyekundu na kijani kabisa. Kisanduku cha 210 kilihitaji rangi nne (210 ni 2×3×5×7) na karatasi ikalowa wino hadi namba yenyewe isisomeke.

Kuna kasoro nyingine iliyozidi hizo. Rangi inasema "2 ilipita hapa" lakini haisemi ilipita mara ngapi. 6 na 12 na 24 na 48 zote zina rangi mbili zilezile. Karatasi ile tumeitupa.

19 Januari: Kigawo tasa kidogo kuliko vyote

Hii ndiyo hatua iliyookoa mradi, na ningependa anayeiga aisome kwa utulivu.

Badala ya kukata, andika. Kila namba inapokutwa kwa mara ya kwanza, andika kwenye pembe ya kisanduku chake ile namba tasa iliyoikuta, kisha usiiguse tena. 12 inapata 2. 15 inapata 3. 49 inapata 7. Namba tasa kisanduku chake kinabaki wazi. Ni chekeche lilelile, isipokuwa kila iliyoanguka inabaki na jina la aliyeiangusha.

Alama moja ndogo kwenye pembe inatosha kuleta vigawo tasa vyote. Chukua 924. Pembe inasema 2. Gawanya, unapata 462. Pembe ya 462 inasema 2, unapata 231. Pembe ya 231 inasema 3, unapata 77. Pembe ya 77 inasema 7. Unapata 11, na kisanduku cha 11 kiko wazi, kwa hiyo umefika. 924 = 2×2×3×7×11. Hakuna kubahatisha hata hatua moja, na kasoro ya rangi imekwisha, kwa sababu 2 iliyotokea mara mbili umeisoma mara mbili.

Tulimpa 924 mwanafunzi ambaye siku zote huchora mti wa vigawo. Yeye hukwama kwenye 231, kwa kuwa si shufwa na haiishii na 5, na kwake hiyo ni dalili ya tasa. Aliposoma 3 pembeni alijumlisha tarakimu mwenyewe, 2 na 3 na 1, akapata 6, akaona kweli 3 inaingia. Tangu hapo anajumlisha tarakimu kabla ya kutazama jedwali. Nilifurahi kuona jedwali linamfundisha kanuni badala ya kumzoesha kulitegemea.

Majedwali ya aina hii yana historia ndefu. Anton Felkel alichapisha la kwake Vienna mwaka 1776; wanunuzi wakawa wachache, na karatasi zake zikaishia kufungia baruti za risasi vitani. Nasikitika kila nikikumbuka kazi ile. Lehmer naye, kabla ya orodha yake ya namba tasa, alichapisha mwaka 1909 jedwali la vigawo vya milioni kumi za kwanza.

2 Februari: Safu 6, kisha safu 30

Kupunguza mikato kulihitaji kubadili umbo la karatasi. Tulijaribu safu 6 kwanza. Ukipanga namba sitasita, vigawe vyote vya 2 na 3 vinaanguka kwenye safu nne nzima, ambazo unazifuta kwa rula. Kila namba tasa iliyozidi 3 inabaki kwenye safu ya 1 au ya 5. Vigawe vya 5 vinashuka kwa mshazari kuelekea kushoto na vya 7 kuelekea kulia, jambo zuri sana kulitazama.

Likashindwa kwa sababu mbili. Kwanza, namba 1,000 katika safu 6 zinataka mistari 167, na utepe mrefu namna hiyo hausomeki ukutani. Pili, wanafunzi waligeuza kanuni kichwa chini: wakaamini kila iliyo kwenye safu ya 1 au ya 5 ni tasa. 25 imo humo, 35 imo, 49 imo. Safu inakuambia namba tasa *hupatikana* wapi; haikuambii kila unayemkuta hapo ni tasa. Nasisitiza hili kwa sababu kosa hili hujirudia kwa sura nyingine nyingi, kama vile kudhani kila inayoishia na 1, 3, 7 au 9 ni tasa.

Safu 30 ndizo zilizofaa. 30 ni 2×3×5, kwa hiyo rula inaondoa vigawe vya zote tatu kwa mkupuo. Zinabaki safu nane tu: 1, 7, 11, 13, 17, 19, 23 na 29. Hatuna hata haja ya kuziandika zile 22 zilizofutwa. Jedwali lote likawa safu nane na mistari 34, lenye namba 266 ukihesabu na 1, na 2, 3 na 5 zikaandikwa juu kabisa pembeni kama walinzi wa mlango. Ukija na namba, unaigawanya kwanza kwa walinzi hao, ambao kila mtu anawajua dalili zao, kisha kinachobaki ndicho unachokitafuta ndani.

5 Februari: Sita waliobaki hai

Kwenye jedwali la safu nane huwezi kurukaruka sabasaba, maana vigawe vingi vya 7 havimo. Unazidisha: 7×7, 7×11, 7×13, 7×17, mpaka 7×139 ambayo ni 973. Tulijaribu kuokoa muda kwa kuzidisha 7 kwa namba tasa peke yake, 11 vilevile, na kuendelea hadi 31. Mikato ikawa 94 tu, na hesabu ya mwisho ikatoa namba tasa 174. Zimezidi sita.

Zilikuwa hizi: 343, 539, 637, 833, 847 na 931. Zivunje uone. 343 = 7×7×7. 539 = 7×7×11. 637 = 7×7×13. 833 = 7×7×17. 847 = 7×11×11. 931 = 7×7×19. Kila moja ina vigawo tasa vitatu, na njia yetu ilikuwa inaua zile zenye viwili tu. 1001, ambayo ni 7×11×13, ingeungana nazo kama jedwali lingeongezwa namba moja.

Suluhisho: zidisha kwa kila namba iliyomo kwenye jedwali kuanzia yule mkataji mwenyewe, hata kama imeshapata alama. Ukizidisha kwa 7, usiruke 49, 77, 91, 119, 121 wala 133. Ukikuta kisanduku kina alama tayari, kiache.

Gharama: mikato 105. Tulianza na 1,549.

Kwa anayetaka kulinganisha na njia ya katikati, ambayo ni kuandika witiri peke yake na kuanzia kwenye mraba, hiyo inataka mikato 457. Ni njia nzuri kwa asiyetaka kuzidisha, kwa sababu unaweza kuruka kwa hatua sawa bila kufikiri.

9 Februari: Ukaguzi, na zile mia moja

Ukaguzi tuliufanya kwa mamia. Namba tasa kwa kila mia, kuanzia mia ya kwanza hadi ya kumi, ziwe: 25, 21, 16, 16, 17, 14, 16, 14, 15, 14. Jumla 168. Jumla ya mwisho peke yake haitoshi, maana kosa la kuacha moja na kosa la kukata moja vinafichana. Nakala yetu ya pili ilitoa 17 kwenye mia ya nne, na mwenye kosa akapatikana upesi: 391, ambayo ni 17×23. Pengo refu kuliko yote ni kati ya 887 na 907. Ukikuta namba tasa humo, umekosea.

Sasa jambo ambalo sikulitazamia. Mikato 105, lakini tano kati yake zilikuta kisanduku kina alama tayari, kwa hiyo namba zilizopata alama ni mia moja kamili. Chini ya 1,000, namba zisizo tasa ambazo hazigawanyiki kwa 2, wala 3, wala 5, ni mia moja. Hizi ndizo zinazodanganya macho. Zilizo chini ya 200 ni kumi: 49, 77, 91, 119, 121, 133, 143, 161, 169 na 187.

Zimegawanywa hivi kwa kigawo tasa chake kidogo: 7 ina 37, 11 ina 20, 13 ina 16, 17 ina 10, 19 ina 8, 23 ina 6, 29 ina 2, na 31 ina moja tunayoijua. Maana yake kwa mwanafunzi ni kubwa. Akizoea kujaribu 7, 11 na 13 baada ya zile tatu rahisi, zinabaki 27 tu za kumdanganya katika namba zote hadi 1,000. Kwa 11 ajumlishe tarakimu ya kwanza na ya mwisho, atoe ya katikati: 847 inatoa 8+7−4, yaani 11, basi inaingia. Kwa 7 azidishe tarakimu ya mwisho kwa 2 na kuitoa kwenye zilizobaki: 371 inatoa 37−2, yaani 35, basi inaingia. Kwa 13 afanye hivyohivyo ila azidishe kwa 4 na ajumlishe: 247 inatoa 24+28, yaani 52, basi inaingia.

16 Februari: Kutoka vigawo tasa hadi vigawo vyote

Vigawo tasa vya 360 ni 2×2×2×3×3×5. Swali linalofuata ni vigawo vyote, na hapa kuorodhesha kwa kichwa kunaangusha watu. Wengi walipata 1, 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9, 10, 12 na jozi zao, wakasimama. Jozi zilizosahauliwa karibu na kila mtu ni 15×24 na 18×20, zile za katikati.

Kinachosaidia ni kujua idadi kabla ya kuanza kutafuta. Katika kila kigawo cha 360, 2 inaweza kutokea mara 0, 1, 2 au 3: nafasi nne. 3 inaweza kutokea mara 0, 1 au 2: nafasi tatu. 5 ipo au haipo: nafasi mbili. 4×3×2 ni 24. Mwenye 20 mkononi anajua bado vinne.

Njia hii ilieleza pia kitu kilichowashangaza wengine: namba zote zina idadi shufwa ya vigawo, isipokuwa miraba. 36 ina tisa, kwa kuwa 6 imeoana na yenyewe. Mshindi wa vigawo chini ya 1,000 ni 840, yenye 32.

23 Februari: Mahali jedwali lisipofaa

KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS (kigawe kidogo cha shirika) kwa namba ndogo, jedwali linatosha. 84 ni 2×2×3×7 na 90 ni 2×3×3×5. KKS ni 6, KDS ni 1,260, na 6×1,260 ni sawa na 84×90, ukaguzi mzuri wa bure.

Kwa namba kubwa, kuvunja kwanza ni kujitesa. Mtu mmoja alihangaika na KKS ya 899 na 961 akiwa hana jedwali mbele yake, akijaribu kuzigawanya kwa 7, 11, 13 bila mafanikio. Njia ya Euclid haihitaji kigawo tasa chochote. 961 toa 899 ni 62. 899 gawanya kwa 62, baki 31. 62 gawanya kwa 31, hakuna baki. KKS ni 31. Na sasa, kwa kuwa 31 umeipata, vigawo vinakuja vyenyewe: 899 ni 29×31 na 961 ni 31×31. Tumeandika njia hii chini ya jedwali la ukutani.

2 Machi: Fomula iliyopita jedwali lote

Swali lilikuwa lazima lije: hakuna fomula ya kutoa namba tasa tukaachana na mikato? Tukaipima ile ya Euler ya mwaka 1772: chukua namba, izidishe kwa yenyewe, ongeza namba hiyohiyo, ongeza 41. Kwa 0 inatoa 41, kwa 1 inatoa 43, kwa 2 inatoa 47, kisha 53, 61, 71, 83, 97. Tuliifuata ndani ya jedwali hadi 30, inayotoa 971. Zote 31 zilikuwa na visanduku wazi. Jedwali letu zima halikuwa na ushahidi hata mmoja wa kuipinga.

Inaanguka kwenye 40. 40×40+40+41 ni 1,681, ambayo ni 41×41. Na ukiitazama vizuri unaona ilikuwa lazima ianguke: 40×40+40 ni 40×41, ukiongeza 41 nyingine unapata 41×41. Majaribio 40 mfululizo, kuanzia 0 hadi 39, yalikubali.

Tuliweka kando yake jaribio jingine la namna hiyo. Euclid alithibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho kwa kuzidisha tasa ulizo nazo na kuongeza 1. Kigawo tasa cha jibu lazima kiwe kipya. Wengi husikia kwamba jibu lenyewe ni tasa. 2×3×5×7×11×13+1 ni 30,031, na hiyo ni 59×509. Vigawo ni vipya kama Euclid alivyosema, ila namba yenyewe si tasa.

15 Machi: Kuelekea 10,000

Tumeanza karatasi ya pili kwa umbo lilelile la safu nane. Wakataji wanafika 97, maana 100×100 ni 10,000. Namba tasa zinapaswa kuwa 1,229. Hadi 1,000, safu nane zilikuwa na namba tasa 165 dhidi ya 100 za kudanganya. Hadi 10,000 zitakuwa 1,226 dhidi ya 1,439. Kwa hiyo huku namba inayoonekana kama tasa ina uwezekano mkubwa zaidi wa kutokuwa tasa, na mazoea ya kukisia yaliyofanya kazi kwenye karatasi ya kwanza yaachwe. Namba mbili za mwisho kwenye karatasi ya kwanza, 991 na 997, zote ni tasa. Mbili za mwisho kwenye hii ni 9,991 na 9,997: ya kwanza ni 97×103, ya pili ni 13×769.

Zaidi ya 10,000 hatutaenda kwa mkono. Frank Nelson Cole alionyesha mwaka 1903 kwamba 147,573,952,589,676,412,927, yaani 2 kwa kipeo cha 67 ukitoa 1, ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Kuhakiki zao hilo kwa penseli ni kazi ya muda mfupi. Kuvipata vigawo vyenyewe ndiko kulikomchosha, na hakuna jedwali la ukutani la kufika huko.

Zilizokamilika kwenye karatasi ya pili hadi leo ni 1,001 hadi 2,000: namba tasa 135, zikakaguliwa na mtu wa pili. Kazi inayofuata ni 2,001 hadi 3,000, wakataji kutoka 7 hadi 53.